Acheni kupandisha nguvu ya ruta hadi mwisho

Wiki hii nimefungua mipangilio ya ruta tatu (ruta ni kile kifaa kinachorusha waifai nyumbani), na zote tatu mwenyewe alikuwa ameshapandisha nguvu ya kurusha mawimbi hadi asilimia 100, kisha akaniita kwa kuwa chumba cha mwisho bado hakishiki. Nimechoka kulieleza hili mlangoni, kwa hiyo naliandika.

Waifai ni mazungumzo ya watu wawili. Ruta ikituma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, simu hujibu kwamba imeipata. Jibu lisipofika, ruta hutuma tena, halafu tena, na kila mara hushusha kasi ikidhani hali ni mbaya. Sasa ruta kwenye gigahezi 2.4, mojawapo ya bendi (safu za mawimbi) za waifai, huweza kurusha miliwati 100 hivi, ilhali simu, kwa kulinda betri, kwa kawaida hurusha kidogo zaidi. Ukipandisha ruta, simu ndiyo inayoanza kusikia vizuri. Masikio ya ruta yamebaki yale yale! Ndiyo maana alama ya waifai imejaa na ukurasa haufunguki.

Tena nguvu yenyewe haiendi mbali kama watu wanavyodhani. Kuizidisha mara mbili ni kupata desibeli 3 tu (desibeli hupima nguvu ya mawimbi inavyoongezeka au kupungua), na ukuta mmoja wa zege humeza zaidi ya hizo. Na kama una ruta mbili, simu huing'ang'ania ile inayopiga kelele hata ukiwa umesimama kando ya ya pili. Hapo dawa ni kushusha. Kwa kiasi gani? Vitabu hutoa hesabu safi, lakini mimi hushusha hatua moja, natembea na simu vyumbani, napima, narudi. Nyumba mbili za ramani moja zimewahi kunipa majibu tofauti kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Upana wa chaneli, yaani kipande cha bendi ambacho ruta hutumia, kwenye 2.4 ni megahezi 20. Ukiweka 40 umekula karibu nusu ya bendi. Tumia chaneli 1, 6 au 11. Usikimbilie 3 kwa kuwa ni tupu, maana walio kwenye 1 na 6 watakusikia kama kelele badala ya kupokezana zamu nawe. Nakiri kwamba jirani anayepakua usiku kucha kwenye 6 huifanya kanuni hii iyumbe. Usalama, yaani namna mtandao unavyofungwa kwa siri, uwe WPA2 yenye AES, au WPA3. WMM, mpangilio unaotanguliza sauti na video, iache imewashwa. Kuficha jina la mtandao hakukulindi: simu yako italiita jina hilo hewani kila uendako.

Kwenye ruta ya tatu nilirudisha nguvu hadi wastani, nikaitoa nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya kabati ukumbini. Chumba cha mwisho kikashika.