Chura wa matete si mtoto wa chura wa uani

Kwenye vinyungu (mashamba ya mabondeni yenye unyevu) vya Mufindi na mabonde ya Rungwe, kusini mwa nyanda za juu za Tanzania, wengi wamekua wakiambiwa kwamba vyura wadogo wanaojibana kwenye matete ni watoto wa yule chura mkubwa wa uani. Si kweli. Hao ni jamii nyingine kabisa, Hyperolius, na urefu wao wa sentimita 3 hivi ndio utu uzima wao.

Sikiliza jioni mvua zikianza. Dume hukwea tete, akajaza hewa mfuko wa koo mpaka ufure kama puto, akaita jike. Mtoto wa chura haiti mwenzi! Tazama na vidole vya chura wa matete: ncha zake ni bapa na zinanata, hivyo hashindwi na jani linaloyumba. Rangi ndiyo huwachanganya watu, maana hata ndani ya spishi moja, Hyperolius pictus wa nyanda hizi za juu, michoro hutofautiana sana.

Viluwiluwi wao huishi majini. Wakubwa hutegemea matete. Bonde likikaushwa, hawahamii uani, wanatoweka hapo. Anayelima kinyungu aache walau ukanda wa matete kando ya maji.