Suruali Haijavuja, Dada, Hilo Ni Jasho Lako

Imetokea tena. Kambi ya Machame, mlima Kilimanjaro, siku ya kwanza, saa kumi na moja jioni, mvua ndiyo kwanza imekatika. Mteja wangu, dada mmoja kutoka Dar aliyekuja na kundi la Siku ya Uhuru, 9 Desemba, anatoka hemani kaishika suruali yake ya mvua kwa vidole viwili kama kielelezo cha mahakamani.

"Kaka, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Laki mbili na nusu! Wameandika haipitishi maji. Hebu angalia."

Kaigeuza nje ndani. Kweli, imelowa. Matone yametanda kwenye utando wa ndani kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali.

Huu mlima nimepandisha watu miaka kumi na sita, na hayo maneno nimeyasikia kwa Kiswahili, Kiingereza, Kijerumani na kwa ishara za mikono. Siku hiyo nikachoka. Nikamwomba mgumu mmoja, yaani mpagazi, aniletee ndoo. Nikaifuta suruali kwa taulo, nikaufunga mguu mmoja kwa kamba ya hema pale kwenye pindo, nikamimina maji mpaka usawa wa goti, nikautundika kwenye tawi. Tukaenda kula bisi na kunywa chai.

Tuliporudi baada ya nusu saa mguu ulikuwa umevimba kama soseji, nje hakuna hata tone.

"Sasa yale maji yametoka wapi?"

Kwako, dada. Ulipanda kutoka getini, kama mita 1,800, hadi hapa karibu mita 3,000. Kwa muda wa saa sita unatembea msituni, ndani umevaa taiti ya pamba, juu yake traksuti, halafu juu ya hiyo traksuti ndiyo ukavaa suruali ya mvua na zipu zote umefunga. Ulijipika.

Ngoja niseme kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Suruali ya mvua haikuahidi ukavu. Kazi yake ni kuzuia maji *mapya* ya baridi yasiingie na kuzuia upepo usikupore joto. Basi. Ukilowa kwa jasho lako lenye joto huku unatembea, huna shida. Ukilowa kwa mvua ya nyuzi joto mbili pale kwenye mwamba wa Lava Tower, mita 4,600, umesimama unasubiri mwenzako anayetapika, hapo una shida kubwa. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mapaja ni misuli mikubwa, yakipoa mwili mzima unajua.

Kuhusu jinzi sitasema mengi. Niliwahi kuipima moja kwenye mizani ya mchinjaji pale Marangu: kavu gramu 750, na baada ya kuloweka na kuiacha ichuruzike, kilo moja na gramu 700. Ziache nyumbani. Kadeti vilevile.

Tukija kwenye lebo, kuna maneno mawili ambayo watu wanayachanganya, na mimi yananikera kuliko viroboto. Kuna suruali inayo*fukuza* maji na kuna suruali isiyo*pitisha* maji. Inayofukuza ni kitambaa cha kawaida, nailoni au poliesta, kilichopakwa dawa nje ili tone liteleze kama kwenye jani la mgomba. Ni nzuri kwa manyunyu na umande, inakauka haraka, inapumua vizuri. Mvua ikikaza kwa saa nzima, au ukisugua majani njia nzima, inaingiza. Isiyopitisha ina utando au mpako ndani, na mishono yake imezibwa kwa utepe. Kama mishono haina utepe, hata kitambaa kiwe cha namna gani, kila tundu la sindano ni mlango.

Halafu zile namba. Suruali imeandikwa 10,000, mtu anadhani ni bei au umri wa kuishi. Maana yake kitambaa kimehimili safu ya maji yenye kimo cha milimita 10,000, yaani mita kumi, kabla hakijaanza kupenyeza. Tone la mvua halina nguvu hiyo hata kidogo, ndiyo maana hata 3,000 inatosha ukiwa umesimama tu kwenye mvua. Lakini hakuna anayepanda mlima akiwa amesimama. Mita kumi za maji ni mgandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Sasa piga goti kwenye jiwe lililolowa ufunge kamba za buti. Kilo 35 za mwili wako zimeangukia eneo dogo kama kifuniko cha chupa ya asali. Hapo umeshaipita ile 10,000 au umeikaribia. Suruali ya 3,000 itakulowesha goti na makalio huku sehemu nyingine zote ni kavu, na utakuja kuniambia ni feki. Si feki, umeikalia. Mimi kwa koti sijali sana namba, ila kwa suruali nataka 10,000 au zaidi, kwa sababu hakuna anayekalia koti lake. (Na ndoo yangu, kwa haki, ilikuwa na safu ya maji ya sentimita 40 tu, yaani 400 kwa lugha ya lebo. Inathibitisha kwamba hakuna tundu wala mshono uliofumuka. Kuhusu goti haithibitishi chochote. Dada sikumwambia hilo, alikuwa ameanza kucheka.)

Namba ya pili ni ya kupumua. Hapo ndipo mimi mwenyewe nina mashaka. Wanaandika, tuseme, gramu 10,000 kwa mita ya mraba kwa saa 24, ambazo ni kama gramu 400 kwa saa. Kwa karatasi ni nyingi. Mwaka 1969 Bob Gore alivuta kwa nguvu fimbo ya PTFE iliyopashwa moto, jamii ileile ya kikaango kisichogandisha, akapata kitu chenye vitundu vidogo mno vinavyozuia tone na kuruhusu mvuke. Ndiyo Gore-Tex hiyo, na kazi inafanya. Lakini mvuke hauna miguu. Unatoka ndani kwenda nje pale tu ambapo nje ni pakavu kuliko ndani. Msitu wa Machame mwezi wa kumi na mbili, hewa imeshiba maji mpaka ndevu za miti zinachuruzika, mvuke wako uende wapi? Na ile dawa ya kufukuza maji, ambayo hata hizi hupakwa nje, ikishachoka, kitambaa cha juu kinalowa chote, kinakuwa kama blanketi la maji juu ya utando. Hakivuji, lakini mvuke haupiti.

Nimevaa ya bei mbaya niliyopewa na mteja, nimevaa ya bei chee ya kukodi. Siku ya kwanza msituni, kwa uaminifu, sikuona tofauti. Tofauti niliiona kule juu, uwanda wa Shira, kwenye upepo na hewa kavu: ya bei mbaya ilikuwa imekauka ndani kabla ya chakula cha mchana, ile ya kukodi ilikuwa bado inanata. Kwa hiyo ukiniuliza kama laki saba zina maana, nitakuuliza unakwenda wapi.

Msituni mimi mara nyingi siivai kabisa, na wateja wananishangaa. Nina suruali nyepesi ya nailoni, inalowa, miguu inafanya kazi, joto lipo. Ya mvua iko juu kabisa ya begi, si chini kwenye mzigo wa mgumu aliyeshatutangulia kwa saa mbili. Naivaa tukisimama, au upepo ukianza, au tukishatoka kwenye miti. Usiku wa kileleni huwa hakuna mvua, lakini naivaa vilevile juu ya nguo za joto, kwa ajili ya upepo. Watu wengine hawalikubali hili, nawaelewa, na wapo waongozaji wazuri kuliko mimi wanaowavalisha wateja tangu getini. Mtu mwembamba anayehisi baridi haraka simlazimishi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoangalia si namba wala jina la kampuni. Ni zipu ya pembeni. Iwe ndefu, angalau ifike juu ya goti, ikifika kiunoni ndiyo bora. Suruali ambayo huwezi kuivaa bila kuvua buti hutaivaa kwa wakati. Utaahirisha, utasema mvua itakatika, na ukija kuamua umeshalowa. Nimemshuhudia mzee mmoja kule kambi ya Barranco akirukaruka kwa mguu mmoja kwenye tope, soksi nyeupe, buti mkononi. Soksi haikubaki nyeupe.

Iwe pana pia. Chuchumaa dukani. Ikibana mapajani, iache.

Mitumba ya soko la Memorial, Moshi, ina vitu vizuri sana, msiidharau. Ila geuza nje ndani. Angalia utepe wa mishono: ukiwa umebanduka, achana nayo. Kwaruza mpako kwa ukucha: ukidondosha vipande kama mba, au ukinata na kutoa harufu kali, huo umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Halafu weka mdomo kwenye kitambaa uvute hewa kwa nguvu. Hewa ikipita, hiyo inafukuza maji tu, haizuii. Tanguliza leso, huwezi kujua imetoka kwenye mapaja ya nani.

Mpako huwa unakufa kwa joto na unyevunyevu. Najua kwa sababu niliua wangu: nilishuka mlimani nikaikunja suruali mbichi, nikaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, Moshi, msimu wa joto. Baada ya miezi mitano nikaikuta imegandana kama kashata. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha itundike.

Na kufua, jamani, fueni. Watu wanaogopa kufua suruali ya mvua wakidhani sabuni itaimaliza. Kinachoimaliza haraka ni jasho, mafuta ya mwili na tope. Tumia sabuni kidogo, ya maji si ya unga, suuza mara tatu hata nne, na usiiguse kabisa na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, kwa sababu inabaki kwenye kitambaa na kuyaita maji. Ikikauka, pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chepesi huamsha ile dawa ya nje, kama lebo inaruhusu pasi. Dawa za siku hizi, zisizo na zile kemikali za florini ambazo haziozi, naona zinachoka mapema zaidi. Au labda suruali zetu ni chafu zaidi. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili nikashindwa.

La mwisho, na hili nalisema kila asubuhi na kila asubuhi kuna anayelisahau: mguu wa suruali ya mvua unakaa *nje* ya buti, na nje ya gaita pia, kile kikinga kinachofunika buti na mguu juu yake. Maji hushuka. Ukichomekea, umejitengenezea mfereji wa kuingiza mvua moja kwa moja kwenye soksi, halafu jioni utaniambia buti zinavuja.

Yule dada alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akiwa na suruali yake "feki" juu ya nguo za joto, na siku ya kushuka akamwachia mgumu aliyetuletea ndoo. Juzi nimemwona huyo kijana mjini, mvua inamwagika, yuko nyuma ya bodaboda kaivaa. Kaichomekea ndani ya gambuti. Nikampigia kelele, akadhani namsalimia, akanipungia mkono.