Je, wajua kwa nini kuna uwanja mtupu kati ya Posta na Kariakoo?

Ukitoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda Kariakoo, utavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed na kukuta Mnazi Mmoja: miti, nyasi, na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Upande wa pili ni Mtaa wa Lumumba, na hapo maduka yanaanza upya. Kwenye jiji ambalo kila kipande cha ardhi kinagombaniwa, eneo hili limebakije wazi?

Liliachwa kwa makusudi. Wajerumani, na baadaye Waingereza, waligawa mji kwa kanda tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye biashara, na Uswahilini huko nyuma. Sheria ya Waingereza haikutaja rangi ya mtu; ilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa. Ujanja mtupu, maana nyumba ya kiwango cha Uzunguni Mwafrika wa kipato cha kawaida angeijenga kwa fedha gani? Eneo la wazi likawa mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini, na kisingizio kikawa afya: eti kuwakinga Wazungu na malaria.

Kariakoo yenyewe, iliyokuwa sehemu ya Uswahilini, ilipimwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mlowezi wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ikakatiza mpango, na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Jina likabaki, Carrier Corps ikawa Kariakoo.

Mitaa ilinyooshwa kama mistari ya daftari, na viwanja vikakatwa kutosha nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, jiko na choo uani. Ndiyo maana leo maghorofa ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi yamebanana ukuta kwa ukuta. Nyumba zimekwenda juu, ila viwanja vingi ni vilevile vya familia.

Mpaka huo wa Mnazi Mmoja haukuwanyamazisha watu. Mtaa wa Lumumba, wakati huo ukiitwa New Street, ndiko TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, hatua chache tu kutoka kwenye uwanja uliowekwa kuwatenganisha watu.