Mmea wa Kudumu wa Prerii: Maana Yake na Namna ya Kuukuza Nyumbani

Mmea wa kudumu wa prerii ni mmea usio mti wala kichaka, wenye asili katika mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini, ambao mashina na majani yake hufa kila majira ya baridi huku mizizi ikibaki hai ardhini hadi udongo upate joto na machipukizi yatoke upya. Sifa ya uasilia hufuata mahali: mmea ulio wa asili Illinois huwa mgeni kabisa ukipandwa Limuru au Arusha, hata ukistawi vizuri.

Mfano mzuri ni Asclepias tuberosa, unaoota kuanzia kusini mwa Ontario hadi Florida na, upande wa magharibi, hadi Arizona. Kimo chake ni kati ya sentimita 30 na 90, na vishada vyake vya maua ya rangi ya chungwa huchanua wakati wa kiangazi. Mzizi wake mkuu ni mnene na huzama chini sana, na karibu kila jambo analopaswa kujua mwenye bustani linatokana na mzizi huo. Ndio unaouwezesha mmea kustahimili ukame, lakini ndio pia unaooza upesi maji yakituama, hususan wakati wa baridi. Kwa hiyo udongo wa kichanga au wa changarawe unaufaa kuliko mfinyanzi. Hauhitaji mbolea, kwani udongo wenye rutuba nyingi huufanya urefuke na kulala. Kuung'oa ili kuuhamisha mara nyingi ni kuuua, na ndiyo maana inafaa kuchagua tangu mwanzo mahali penye jua la kutosha ambapo hapatachimbwa tena.

Mbegu zake huota vizuri zaidi baada ya kupitia ubaridi wenye unyevu. Wengine huzichanganya na mchanga mbichi na kuziweka kwenye jokofu kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Walio na majira halisi ya baridi wanaweza kuzipanda nje kabla ya theluji na kuiachia hali ya hewa kazi hiyo. Mche hutumia nguvu zake za mwanzo kujenga mzizi, hivyo maua huweza kuchelewa hadi mwaka wa pili au wa tatu.

Majani yakianza kuliwa, mwenye bustani asikimbilie dawa. Kipepeo Danaus plexippus, yule anayehama hadi milima ya Mexico, hutaga mayai kwenye mimea ya jenasi hii, yaani kundi la Asclepias, na viwavi wake hawana chakula kingine nje ya jamii hiyo ya mimea. (Ndugu yake wa Afrika Mashariki, Danaus chrysippus, naye hulea viwavi wake kwenye mimea ya jamii hiyohiyo.) Vidukari wa manjano wanaojazana kwenye ncha za mashina huondolewa kwa maji yenye kasi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mayai ya kipepeo hapo.

Mmea huu huchelewa kuchipua kuliko mingi ya majirani zake, na wengi huuchimba wakidhani umekufa. Mashina makavu yasikatwe hadi machipukizi yaonekane, au pachomekwe kijiti cha alama kabla ya baridi kuingia.