Risasi ya Mwaka 1809 Si Mali ya Aliyeiokota

Bado tunasikia kauli ileile kuhusu malikale, yaani vitu vya kale, vinavyokutwa ardhini: nusu ya mwenye shamba, nusu ya aliyeokota. Mgawanyo huo ulikoma Bavaria, jimbo la Ujerumani, tarehe 1 Julai 2023. Malikale iliyofichika ardhini hata mwenyewe hajulikani tena, sasa ni mali ya jimbo tangu inapogunduliwa.

Tunalisisitiza hili hasa kwa wanaotembea na mashine za kutafutia metali karibu na mji wa Neumarkt-Sankt Veit. Hapo, tarehe 24 Aprili 1809, Waaustria walipigana na Wabavaria. Ndiyo, Wabavaria. Kudhani kwamba kwa kuwa wote walisema Kijerumani basi walikuwa upande mmoja ni kosa. Mfalme wa Bavaria alikuwa mshirika wa Napoleon, na Austria ndiyo iliyovuka mto Inn kuivamia nchi yake. Jenerali Hiller wa Austria, aliyeshindwa Landshut siku tatu kabla, aliuvuka tena Inn na kugeukia waliokuwa wakimfuata. Divisheni ya Wrede, jenerali wa Bavaria, ikazidiwa, ikarudi ng'ambo ya mto Rott. Ushindi huo haukumfaa Hiller: Mwanamfalme Karl, mkuu wa jeshi la Austria, alikwisha kushindwa Eckmühl, na Hiller akalazimika kurudi nyuma ya Inn.

Risasi za vita hivyo bado zimo ardhini. Iliyobonyea iligonga kitu. Iliyobaki duara huenda ilidondoka mkononi mwa askari aliyekuwa akishindilia bunduki. Zikipimwa mahali zilipolala, zinaonyesha safu ilisimama wapi na ilianza kurudi nyuma wapi. Ikishatiwa mfukoni, ushahidi huo umepotea, na hakuna maabara ya kuurudisha.

Utaratibu ni huu. Ukikuta kitu, toa taarifa mara moja kwa mamlaka ya malikale ya wilaya au kwa ofisi ya malikale ya jimbo. Wajibu huo ni pia wa mwenye ardhi, anayeitumia, mkandarasi na msimamizi wa kazi. Mmoja akitoa taarifa, wengine hawana tena wajibu huo. Kitu na mahali pake visiguswe hadi wiki moja ipite baada ya taarifa, isipokuwa mamlaka ikiruhusu mapema. Kuchimba kwa makusudi kutafuta malikale kunahitaji kibali kabla ya jembe la kwanza, hata shamba likiwa lako. Ruhusa ya mdomo ya jirani si kibali. Anayekiuka hutozwa faini.

Ramani ya malikale ya jimbo iko kwenye intaneti, bure. Itazameni kabla ya kutoka nyumbani.