Maana ya Kuchukua Historia ya Mgonjwa Anayeshukiwa Kuwa na Ugonjwa wa Kuambukiza

Kuchukua historia ya mgonjwa ni mazungumzo yenye mpangilio ambayo mhudumu wa afya hufanya na mgonjwa, au na ndugu yake iwapo mwenyewe hawezi kujieleza, kabla ya kumchunguza mwili na kuagiza vipimo vya maabara. Unaposhukiwa ugonjwa wa kuambukiza, mazungumzo hayo huwa na kazi ya ziada: hayaishii kujua mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, bali hutafuta pia ni wapi alikutana na vimelea, na ni nani ambao huenda amekwisha kuwaambukiza.

Nguzo ya historia ya namna hii ni tarehe. Kila ugonjwa una muda wake kati ya vimelea kuingia mwilini na dalili kujitokeza: dengue huchukua kwa kawaida siku 4 hadi 10, Ebola siku 2 hadi 21, ilhali kichaa cha mbwa mara nyingi huchukua miezi 2 hadi 3. Kwa hiyo daktari anayejua siku hasa homa ilipoanza huweza kuhesabu kurudi nyuma na kuondoa baadhi ya magonjwa kabla ya kutoa hata tone la damu. Mtu aliyetoka penye mlipuko wa Ebola mwezi mzima uliopita, na homa yake ikaanza jana, hakuupata ugonjwa huo kule. Malaria, hata hivyo, haiwezi kuondolewa kwa hesabu hiyo, kwa kuwa vimelea vya aina ya vivax huweza kujificha kwenye ini kwa miezi kadhaa ndipo viamke. Ndiyo maana jibu la “siku chache zilizopita” halitoshi, na inafaa kumsaidia mgonjwa akumbuke kwa kuuliza ni siku gani alishindwa kwenda kazini au alianza kukataa chakula.

Baada ya tarehe huja maswali ya mahali na mazingira. Kuoga au kuvua katika maji baridi (yasiyo ya chumvi) yenye konokono huelekeza kwenye kichocho. Kunywa maziwa yasiyochemshwa huelekeza kwenye bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Kuingia kwenye mapango ya popo huongeza hofu ya Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola. Kazi ya mgonjwa, mifugo yake, kuumwa na kupe, kuongezewa damu na mahusiano ya kimapenzi vyote huulizwa, na haya ya mwisho huulizwa faraghani, bila ndugu kusikiliza, kwa lugha isiyohukumu. Hapa namna ya kuuliza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukimwuliza mtu kama amesafiri, anaweza kukataa kwa dhati kwa sababu kwenda kuwaona wazazi wake hakuhesabu kuwa ni safari. Ukimwuliza amelala wapi katika wiki tatu zilizopita, atakutajia.

Ndivyo ilivyo pia kwa dawa. Vidonge vichache vya viuavijasumu (antibiotiki) vilivyobaki nyumbani, ambavyo mgonjwa hakuona haja ya kuvitaja, vinaweza kufanya bakteria wasiote maabara ingawa bado wamo mwilini. Chanjo, ujauzito, VVU, kuondolewa wengu (bandama) na dawa zinazoshusha kinga navyo huulizwa, kwani hubadilisha orodha ya vimelea vya kushukiwa na kasi ya kuanza tiba.

Baadhi ya maswali hayapaswi kusubiri chumba cha daktari. Kuhusu homa, kikohozi, upele, safari na kukutana na mgonjwa mwingine, mtu aulizwe mara anapopokelewa, kwa umbali wa angalau mita 1. Majibu yakiashiria ugonjwa unaosambaa kwa urahisi, atengwe kwanza, mhudumu avae vifaa vya kujikinga vinavyostahili, na historia iliyobaki iendelee baada ya hapo.