Urea inapaa huku unaiangalia

Juzi nilikuwa Muheza kwenye shamba la bibi mmoja, mahindi yamefika magotini, kazi yangu ni udongo kwa hiyo nimezoea kuinamainama. Saa sita mchana, jua kali, nakuta chembe nyeupe za mbolea ya urea zimetapakaa juujuu pembeni ya mashina, nikasogeza pua, wee! Harufu ya choo cha stendi. Hiyo ni amonia, yaani hela ya bibi inaondoka na upepo.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni, kile chakula chenyewe cha mmea, kilo 23 tu. Na hiyo naitrojeni imevutwa hewani, ujanja wa Mjerumani Fritz Haber, aliuonyesha 1909, Carl Bosch akaupeleka kiwandani 1913, siku hizi unakula gesi asilia nyingi mno kwa hiyo kabla mfuko haujafika dukani moshi ushatoka. Ila karibu nusu ya watu duniani wanashiba kwa sababu yake, ndo maana mimi siyo wa lile kundi la "chumvichumvi (mbolea ya dukani) ni sumu" (wengi wao hawajawahi kulima hata bustani).

Shida yangu ni ile ambayo mmea haujala. Kidunia mazao yanachukua kama nusu, inayobaki nyingine inapaa, nyingine inazama na mvua ikiwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji, na kiasi kidogo kinageuka gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dayoksaidi. Kule Marekani mbolea ya mashamba makubwa inashuka na mto Mississippi mpaka Ghuba ya Meksiko, vijani vya majini vinafumuka, vikifa vinaoza na kumaliza oksijeni, samaki anakimbia, kombe asiye na miguu anafia palepale. Sisi hatujafika huko, wengi wetu tunaweka mbolea kiduchu, lakini mto Zigi ndo maji ya kunywa ya Tanga mjini na ile miteremko ya Usambara masika yakikolea siyo ya kuchezea.

Nikamwambia bibi afukie kama sentimita 5, udongo uwe na unyevu, na agawe mara mbili asimwage yote siku moja. Akashika kiuno.

"Mwanangu, eka mbili hizi, mashimo yote hayo utachimba wewe?"

Nilichimba mistari minne, nikaomba maji.